Subaru ya mtumba: bei ya kununulia ni mwanzo tu

Tangu Colin McRae ashinde Safari Rally ya mwaka 1997 kwa Subaru Impreza, naye Richard Burns akafanya hivyo mwaka 2000, gari hilo halijawatoka Wakenya moyoni. Kwa kuwa sheria hairuhusu kuingiza nchini gari lenye umri wa zaidi ya miaka minane, WRX za bei nafuu ni zile zilizokwisha kupita mikononi mwa watu kadhaa humu humu.

Hapo ndipo hesabu hukosewa. Mnunuzi humaliza akiba yote kwa bei ya gari, kisha mkanda wa taimingi, ambao katika injini ya EJ20 hubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi, unakatika barabarani. Vali zikigongana na pistoni, fundi atataka fedha nyingi, na gari lenyewe halibebi hata gunia la viazi likalipa deni.

Matairi nayo yana mtego. Magurudumu yote manne huvuta, hivyo tairi moja jipya likichanganywa na matatu yaliyolika, difu ya katikati huchoka kabla ya wakati. Tairi moja likipasuka, huenda yakanunuliwa manne.

Mwenye fedha za kubana atenge robo ya fedha hizo kabla ya kupatana bei. Aende kuliona gari asubuhi, injini ikiwa baridi. Muuzaji aliyeiwasha mapema huenda anaficha mlio. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, pengine kwenye turbo. Lililoongezwa nguvu vichochoroni, hata likiwa rahisi namna gani, aliache.