Nahodha, Kitanzi na Dhamiri

Zamani, merikebu ikishang'oa nanga, sheria yote ya nchi iliingia mikononi mwa mtu mmoja. Katika karne ya 18 na ya 19 nahodha ndiye aliyekuwa polisi na hakimu, na mara chache aliamuru hata mtu anyongwe. Hapakuwa na redio ya kuwauliza wakubwa, na bandari ya karibu iliweza kuwa mwendo wa wiki kadhaa. Manowari za Uingereza ziliongozwa na Kanuni za Vita, zilizoandikwa upya mwaka 1749, na nyingi kati ya kanuni hizo ziliishia kwenye adhabu ya kifo. Zilisomwa mara kwa mara mbele ya mabaharia wote ili asije mtu akasema hakujua.

Waandishi wawili waliokuwa mabaharia wenyewe ndio walioichimba hali hiyo kuliko wengine: Mmarekani Herman Melville, na Joseph Conrad, Mpolandi aliyetumikia meli za biashara kwa karibu miaka 20 kabla ya kuishi kwa kalamu.

Melville alikuwa na jambo la kifamilia pia. Mwaka 1842, katika meli ya kivita ya Marekani iliyoitwa Somers, nahodha Alexander Slidell Mackenzie alishuku kwamba kunapangwa maasi. Tarehe 1 Desemba aliwanyonga watu watatu bila mahakama ya kijeshi, baada tu ya maofisa wake kukaa faraghani na kumshauri hivyo. Mmoja wa walionyongwa alikuwa Philip Spencer, kijana wa miaka 19 na mtoto wa Waziri wa Vita. Siku chache baadaye meli ilikuwa bandarini. Mackenzie alishtakiwa akaachiwa huru, lakini watu waliendelea kuuliza kwa nini hakuweza kusubiri siku hizo chache. Miongoni mwa maofisa waliotoa ushauri ule alikuwamo Guert Gansevoort, binamu yake Melville.

Swali hilo la kwa nini nahodha hakusubiri limo ndani ya *Billy Budd*, riwaya fupi ambayo Melville aliiacha mezani bila kuikamilisha alipofariki mwaka 1891, na ambayo haikuchapishwa hadi 1924. Kisa kimewekwa mwaka 1797, miezi michache baada ya mabaharia wa Uingereza kuasi huko Spithead na Nore. Billy ni kijana mzuri wa sura na mwepesi wa moyo, anayeondolewa kwa nguvu katika merikebu ya biashara ili atumikie manowari. Merikebu anayoondolewa inaitwa Haki za Binadamu. Hapo Melville hakujitaabisha kuficha kejeli. Billy ana kasoro moja tu: akishikwa na jazba, kigugumizi humziba kinywa.

John Claggart, msimamizi wa nidhamu melini, anamchukia bila sababu inayoelezeka, na anakwenda kwa nahodha Edward Vere kumzulia kwamba anachochea maasi. Vere hamwamini. Anamwita Billy chumbani na kumtaka Claggart arudie maneno yake mbele ya mtuhumiwa. Billy anataka kujibu, sauti haitoki. Nahodha anamsogelea, anamwekea mkono begani na kumwambia asiwe na haraka. Wema huo wa kibaba ndio unaoharibu mambo: kijana anazidi kujikakamua, maneno yanazidi kukwama, na mwishowe mkono ndio unaojibu. Ngumi moja ya kichwani, Claggart anaanguka, amekufa.

Kwa mujibu wa Kanuni za Vita, kumpiga mkubwa wako ni kosa la kifo. Vere anaitisha hapo hapo mahakama ya maofisa watatu. Wanamhurumia kijana, wanatafuta upenyo. Nahodha anawafungia kila mlango: kiapo chao ni kwa mfalme, si kwa maumbile wala kwa huruma, nia ya mshtakiwa si hoja, kitendo ndicho hoja. Alfajiri yake Billy ananyongwa kwenye foromali ya mlingoti mkuu, huku akimwombea baraka nahodha aliyemhukumu.

Kwa miaka mingi wasomaji wengi walimwona Vere kama mtu mwema aliyebanwa na sheria ngumu. Mwanasheria Robert Cover, katika kitabu chake cha mwaka 1975, alimlinganisha na majaji wa Marekani waliochukia utumwa lakini wakawarudisha watoro kwa mabwana zao kwa sababu sheria ilisema hivyo. Mmoja wao alikuwa Lemuel Shaw, Jaji Mkuu wa Massachusetts, ambaye ndiye aliyekuwa baba mkwe wa Melville.

Lakini ukisoma kwa makini, Vere anatoka vibaya zaidi ya hapo. Sheria ya 1749 ilitaka mahakama ya kijeshi iwe na maofisa wasiopungua watano. Yeye alikalisha watatu aliowachagua mwenyewe. Alikuwa ndiye shahidi pekee, na ndiye pia aliyewashinikiza waamuzi. Alikwisha kutamka kwamba kijana lazima anyongwe kabla mahakama haijaketi. Daktari wa meli, aliyeshuhudia maiti ikiwa bado na joto, aliona shauri lile lilifaa kusubiri mpaka wafike kwa amirali, na alianza hata kujiuliza kama akili ya nahodha iko sawa. Kwa hiyo sheria haikumlazimisha Vere kufanya haraka. Kilichomsukuma ni hofu ya maasi, na hofu hiyo aliivika joho la sheria.

Conrad aliligeuza jambo upande wa pili. Mwaka 1880, ndani ya meli ya chai *Cutty Sark*, ofisa mmoja alimuua baharia kwa kumpiga; nahodha wake akamsaidia kutoroka, kisha siku chache baadaye akajitupa baharini. Ofisa alikamatwa London na mwaka 1882 akafungwa miaka saba. Katika hadithi ya *The Secret Sharer* (1910), iliyotokana na kisa hicho, Conrad anamleta ofisa Leggatt, aliyemkaba mtu hadi kufa katikati ya dhoruba, wakati uleule alipokuwa akiiokoa merikebu. Nahodha kijana wa meli nyingine anamficha chumbani mwake, anamdanganya mwenzake aliyekuja kumtafuta, kisha anaisogeza meli karibu na majabali usiku ili mtoro aogelee hadi nchi kavu. Dhamiri imeshinda, ila kwa kuhatarisha roho za mabaharia ambao hawakuulizwa.

*Lord Jim* (1900) imetokana na kisa kilichotokea jirani zaidi na Afrika Mashariki. Agosti 1880 meli *Jeddah*, ikiwa na mahujaji zaidi ya 900 kutoka Singapore na Penang, ilipatwa na hitilafu karibu na Ras Guardafui. Nahodha na maofisa wake wazungu waliingia kwenye mashua wakaikimbia, na walipofika Aden wakatangaza kwamba imezama. Haikupita muda, *Jeddah* ikavutwa hadi bandarini Aden, mahujaji wakiwa hai. Riwayani Jim ni mmoja wa maofisa walioikimbia meli kama hiyo, na wenzake wanakwepa uchunguzi. Yeye peke yake anakaa kizimbani. Mahakama inamuuliza ukweli wa mambo, haimuulizi kilichompata moyoni, kisha inamnyang'anya cheti.

Anayetaka kuanza na kimoja kati ya vitabu hivi na aanze na *Billy Budd*, na asiruke sura ya karibu na mwisho yenye taarifa ya gazeti la jeshi la majini. Hapo inaandikwa kwamba Claggart, mzalendo mwaminifu, alichomwa kisu na mhaini aitwaye Budd. Hiyo ndiyo taarifa rasmi pekee iliyobaki, na si ya kweli.