Majina Yaliyohifadhiwa Eyam

Wanafunzi wengi hudhani kuwa historia ni ya wafalme na majemadari pekee. Nami nilikuwa na dhana hiyo hadi niliposoma habari za Eyam, kijiji kidogo cha Derbyshire, Uingereza.

Tauni iliingia humo mwaka 1665, yasemekana kwa kitambaa alicholetewa mshonaji kutoka London. Mwaka uliofuata kasisi William Mompesson, akisaidiwa na mtangulizi wake Thomas Stanley, aliwasihi wanakijiji wasitoke, wasije wakawaambukiza majirani. Chakula kiliachwa mpakani, na sarafu za malipo zikatiwa katika siki. Agosti 1666 Mompesson alifiwa na mkewe, Catherine. Mwezi uo huo Elizabeth Hancock aliwazika mumewe na watoto sita katika siku nane.

Tunayajuaje hayo? Mompesson aliacha barua. Aidha, tangu mwaka 1538 makanisa ya Uingereza yaliamriwa kuandika ubatizo, ndoa na maziko, ya fukara sawa na ya tajiri.

Nilipomwuliza marehemu nyanya yangu majina ya nduguze waliokufa wachanga, alihesabu kwa vidole, akasita. Mawili yalikuwa yamemtoka. Leo hakuna awezaye kuyarejesha.

Ndiposa nawasihi walimu wenzangu: likizo ijayo, wapeni wanafunzi kazi ya kuandika majina ya jamaa zao, walio hai na waliokufa. Nanyi wanafunzi, msingoje. Mzee aliyeko leo huenda kesho asiweko.