Kichina cha dakika moja: sikio lafunzwa, mkono wabaki nyuma

Kwa Kichina, kununua ni mǎi na kuuza ni mài. Kinachoyatofautisha masikioni ni kiimbo tu: neno la kwanza hushuka kisha likapanda, la pili huporomoka ghafla. Mfanyabiashara wa Kariakoo, Eastleigh au Kikuubo anayefuata bidhaa Guangzhou akichanganya hayo mawili, anaweza kujikuta ametangaza kuuza alichotaka kununua.

Kosa la namna hiyo ni vigumu kulirekebisha kwa kitabu peke yake, kwa kuwa karatasi haina sauti. Hapo ndipo video fupi za kwenye simu zinapopata nafasi. Mwanafunzi humsikia mzungumzaji, humwona anavyofungua kinywa, kisha hurudia kipande kilekile mara ishirini bila kumchosha mwalimu.

Madarasa rasmi yapo. Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ya kwanza barani Afrika, ilifunguliwa mwaka 2005. Nyingine zikafuata Rwanda, Burundi, Tanzania na Uganda. Lakini nyingi zimeshikamana na vyuo vikuu. Kwa kijana aliyeko Kigoma, Arua au Goma, darasa la karibu zaidi ni simu yake, mradi bando lisikatike.

Hadithi zenye maneno manne

Video zinazokaa zaidi kichwani ni zile za hadithi za kale. Wachina wana misemo mingi ya maneno manne, na nyuma yake mara nyingi kuna kisa kizima. Mmoja ni yú gōng yí shān, mzee mjinga ahamisha milima. Mzee wa karibu miaka tisini, aliyezibiwa njia na milima miwili, anaanza kuichimba na familia yake. Akichekwa, anajibu kwamba akifa watabaki wanawe, na wajukuu baada yao, ilhali milima haiongezeki.

Mswahili hahitaji kuelezwa sana. Anajua kwamba bandu bandu huisha gogo. Maana ikishakaa, maneno manne hushika yenyewe: mjinga, mzee, hamisha, mlima.

Kuna tofauti kubwa na mwaka 2011, Watanzania walipotazama tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake kupitia TBC. Iliingizwa sauti za Kiswahili na ikapendwa. Watazamaji waliyaelewa maisha ya familia za mjini China, lakini Kichina chenyewe kilikuwa kimefunikwa. Video za kujifunzia huiacha sauti ya asili na kuweka tafsiri chini ya picha.

Habari zina mwenyewe

Video za habari ni ngumu zaidi. Msomaji huenda kasi na lugha yake ni ya kiofisi, hivyo humfaa aliyekwishapita ngazi za mwanzo. Tena vyombo vikubwa vya habari vya China ni vya serikali. Anayejifunza humo huokota msamiati pamoja na mtazamo, na ni vyema alijue hilo tangu mwanzo.

Ukuta wa ngazi ya tatu

Mtihani wa HSK ndio unaoonyesha video zinakoishia. Kwa utaratibu uliotumika kwa miaka mingi, ngazi ya kwanza inadai maneno 150 na ya pili 300, na karatasi zake huandika matamshi kwa herufi za Kilatini. Ngazi ya tatu inadai maneno 600, matamshi hayo huondolewa, na mtahiniwa hutakiwa kuandika. Aliyejifunza kwa sikio pekee hugonga ukuta hapo.

Alama ya kuuza, 卖, ni ile ya kununua, 买, iliyoongezwa msalaba mdogo juu. Jicho lililozoea kutazama picha hulipita jambo hilo. Mkono ulioandika mara hamsini haulisahau.

Pengo jingine ni la hapa kwetu. Video nyingi za kufundishia Kichina hueleza kwa Kiingereza. Fundi au mchuuzi anayejua Kiswahili tu hulazimika kuvuka lugha mbili ili afike moja. Redio ya China imetangaza kwa Kiswahili tangu 1961, na Kiswahili ni lugha rasmi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Walimu wa Kichina waliohitimu katika ukanda huu wapo, na simu wanazo. Somo moja la dakika moja kwa Kiswahili lingefaa Mombasa, Bujumbura na Bukavu kwa wakati mmoja.

Mpaka hapo, mwenye kutumia video azitumie asubuhi kwa sikio, na jioni ashike daftari. Sokoni bei hutajwa kwa mdomo, lakini mkataba husomwa kabla ya kutiwa saini.