Trafiki Akikusimamisha Marekani Nawe Una Bastola Kiunoni

Usiku wa tarehe 6 Julai 2016, huko Falcon Heights jimboni Minnesota, askari alisimamisha gari la Philando Castile, mfanyakazi wa mkahawa wa shule mwenye umri wa miaka 32. Sababu aliyopewa ilikuwa taa mbovu ya nyuma. Castile alikuwa na bastola na kibali halali cha kuibeba. Aliombwa leseni na bima. Akatoa karatasi ya bima, kisha akamwarifu askari, kwa utulivu na heshima, kwamba ana silaha. Askari akamwambia asiiguse. Castile akajibu kwamba haitoi. Sekunde chache baadaye alikuwa amepigwa risasi, na mtoto wa miaka minne ameketi kiti cha nyuma. Mwaka 2017 mahakama ilimwona askari huyo hana hatia.

Kwangu mimi, lawama si ya Castile. Alisema ukweli, na anayelipwa kulinda raia ndiye mwenye wajibu mkubwa zaidi wa kutulia. Lakini mwenye silaha anapaswa kuzitazama sekunde zile kwa makini. Amri mbili zilikuwa zimegongana: toa leseni, na usiguse bastola. Mkono unaotafuta pochi mfukoni na mkono unaotafuta bastola kiunoni huonekana sawa kwa mtu aliyesimama dirishani akiwa na hofu.

Ndiyo maana mikono isisogee hata kidogo mpaka maneno yaeleweke. Egesha pembeni, zima injini, na kama ni usiku washa taa ya ndani. Teremsha kioo, weka viganja juu ya usukani, na waliomo garini nao waonyeshe mikono yao. Askari akifika, anza na kibali kabla ya kuitaja silaha: “Nina kibali cha kubeba silaha, na ninayo sasa. Ungependa nifanyeje?” Kisha subiri. Hata kama alikwisha kuomba leseni, usiifuate mpaka akuambie upya, nawe umweleze iko mfuko gani. Akitaka kuichukua bastola kwa muda, aitoe yeye, wewe usiiguse. Ukiona umeonewa, usibishane barabarani. Malalamiko yapeleke baadaye, ukiwa na wakili.

Dereva aliyezoea barabara za Kenya au Tanzania ana tabia moja ya kuacha. Huku kwetu wengi hushuka na kumfuata trafiki ili wazungumze. Marekani, kushuka bila kuambiwa huchukuliwa kama tishio. Kaa ndani. Akikuamuru ushuke, shuka: Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilimpa askari mamlaka hayo mwaka 1977.

Sheria ya kumwarifu askari kwamba una silaha hubadilika ukivuka mpaka wa jimbo. Michigan inakutaka useme mara moja, hata usipoulizwa. Minnesota inakutaka ujibu ukiulizwa. Ohio iliwahi kudai useme mwenyewe, ikalegeza sharti hilo mwaka 2022. California haitambui kibali cha jimbo lingine lolote. Mimi ningesema kila mahali, kwa sababu ni hatari zaidi askari akiiona bastola kabla hujaitaja.

Kuna jambo kubwa zaidi kwa ndugu zetu walioko huko. Sheria ya shirikisho humruhusu mwenye makazi ya kudumu kumiliki silaha, lakini aliyeingia kwa viza ya muda, kama ya masomo au utalii, kwa kawaida haruhusiwi hata kuishika, isipokuwa kwa masharti machache kama leseni ya uwindaji. Kosa hilo lina kifungo na kufukuzwa nchini. Kama hiyo ndiyo hali yako, usikubali kumbebea rafiki bastola yake garini.

Na wewe mwenye kibali, usisubiri kusimamishwa. Leo hii, kabla hujawasha gari, hamishia pochi yako upande usio na bastola.