Joto na Ubaridi Ndani ya Gari la Kliniki

Wasomaji wetu, wapo wanaouliza kama gari kuukuu la abiria, ambalo kikundi kinataka kuligeuza kuwa kliniki ya kuzunguka, linaweza kutiwa mashine ya kuleta joto na ubaridi. Linaweza. Lakini kwanza tuseme jambo moja wazi: jiko la makaa lisiingie ndani ya gari, hata dirisha likiachwa wazi kidogo. Hapa Eldoret tuko kama mita 2,100 juu ya bahari, usiku baridi hufika nyuzi 10 na chini yake, na anayelala garini huona jiko ni rafiki. Makaa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Unasikia usingizi tu, basi, huamki.

Mashine tunayosema ni AC ya vipande viwili. Kimoja hukaa ndani, kingine nje, na paipu za shaba zenye gesi huviunganisha. Haichomi kitu. Inafanya kazi kama friji: inachota joto upande huu na kulimwaga upande ule. Ukiigeuza, inachota joto lililomo katika hewa ya nje (hata hewa yetu ya alfajiri ina joto lake) na kulileta ndani. Ndiyo maana uniti moja ya umeme inaweza kukupa joto la uniti tatu hivi, wakati hita ya kawaida inakupa moja. Dukani uliza vizuri, maana ziko nyingi zinazotoa baridi peke yake.

Na sisi huku tunahitaji yote mawili. Asubuhi unatoka mjini na sweta, unapita Iten, unateremka Tambach, na ukifika chini Bonde la Kerio bati la gari linachoma mkono. Mama mwenye mtoto wa homa hawezi kukaa humo.

Kabla ya kununua mashine, vesha gari kwa ndani: povu gumu, kisha plaiwudi, ukianza na paa. Ukiruka kazi hii, pesa ya AC umeitupa. Gari la abiria 14 lililoveshwa vizuri linatosheka na mashine ya BTU 9,000. Kubwa zaidi huwaka na kuzima ovyo na kumaliza betri. Chagua ile ambayo kompresa yake hupunguza mwendo yenyewe, inayoitwa inveta. Usiichanganye na lile sanduku linalogeuza umeme wa betri kuwa volti 240, ambalo nalo huitwa inveta! Utahitaji zote mbili.

Ndugu yako wa Marekani akitaka kukutumia mashine, mwulize volti. Ya kule mara nyingi ni 120, nasi tuna 240.

Sasa hesabu. Mashine ikila wati 500 kwa saa tano, hiyo ni wati-saa 2,500. Betri moja ya lithiamu ya volti 12 na ampea-saa 200 ina 2,400 tu, kwa hiyo nunua mbili. Sola ya paani itasaidia, haitatosha. Jenereta nayo, kwa wembamba wa hewa yetu, hupoteza kama sehemu moja kwa tano ya nguvu zake, na moshi wake una sumu ileile ya jiko. Isikae karibu na mlango.

Kufunga ndiko kwenye taabu. Kipande cha nje kilitengenezwa kwa ajili ya ukuta, na ukuta hauendi kwenye mashimo. Fremu ya chuma ifungwe kwenye chesisi, si kwenye bati, na mashine ikae juu ya raba. Paipu ya shaba ipewe mzunguko mmoja ili icheze bila kukatika. Fundi anyonye hewa yote kwa pampu kabla ya kufungulia gesi. Akikuambia gesi yenyewe itaisukuma hewa, tafuta mwingine. Kama gesi ni R32, inashika moto, hivyo kazi ya kuchomelea iishe mapema. Baada ya safari ya kwanza, paka maji ya sabuni kwenye viungo: povu likitoka, gesi inavuja.

Chanjo zibaki katika kisanduku chake cha baridi, nyuzi 2 hadi 8. AC haifanyi kazi hiyo, hata gari likiwa baridi namna gani.