Mto unaotoka Kalemie: safari ya watu watatu na kayaki zao

Mwezi huu sisi walimu wa kujitolea wa darasa la sita tunawaletea habari iliyoanzia darasani kwetu, kwenye somo la jiografia. Tuliidhania ya dakika tano, kumbe ilitushika wiki nzima.

Tulichora Ziwa Tanganyika ubaoni, tukaonyesha Ruzizi unaoingia kutoka kaskazini na Malagarasi unaoingia kutoka huku Tanzania. Kisha tukauliza: je, maji yote haya yanatokea wapi? Darasa likanyamaza. Mmoja akasema hayatoki, ndiyo maana ziwa ni kubwa. Ndipo kijana mmoja wa nyuma, ambaye kwa kawaida haongei, akanyosha mkono akasema: “Yanatoka kwetu Kalemie. Pale Lukuga.”

Alikuwa amesema kweli. Basi tukawaeleza wanafunzi habari za mto huo, na za watu watatu walioushuka mwaka 2010 kwa vimtumbwi vidogo.

Maji yetu yanakwenda wapi

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470. Maji yake mengi huondoka kwa jua, yanapanda kuwa mvuke. Mto unaotoka ziwani ni mmoja tu, huo Lukuga. Unaanzia Kalemie, unakwenda magharibi kama kilomita 320, halafu unaingia Lualaba. Lualaba nao ndio unaogeuka kuwa mto Kongo, mpaka bahari ya Atlantiki. Kwa hiyo tone la maji la Malagarasi, kama jua halikulichukua njiani, linaweza kuvuka ziwa, kupita Kalemie na kwenda kuonja chumvi upande wa pili wa Afrika. Halihitaji kibali cha kutoka.

Lukuga una tabia yake. Mwaka 1874 Mwingereza Cameron aliona kwamba ndio mlango wa ziwa. Miaka miwili baadaye Stanley alifika, akakuta mlango umezibwa na matope na mafunjo, maji karibu hayatembei. Mwaka 1878 maji yakapasua ile ziba, mto ukafunguka, ziwa likashuka.

Kayaki ni kitu gani

Wengi hatujaiona. Kayaki ni mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja, umefunikwa juu, umeachwa tundu la kukaa tu. Walioianza ni Wainuit, watu wa nchi za barafu kule Greenland na kaskazini ya Kanada, wakiitengeneza kwa ngozi ya sili ili wawindie baharini. Siku hizi zile za mitoni ni za plastiki ngumu. Mtu anakaa miguu imenyooka mbele, anavaa kiunoni kama sketi ya mpira inayoziba tundu ili maji yasiingie. Kichwani helmeti, kifuani jaketi la kuelea, mkononi kasia lenye bapa pande zote mbili.

Ikipinduka, mwenyewe hatoki. Anazungusha kasia na kiuno akiwa chini ya maji, kayaki inageuka, anarudi juu anatema maji. Wanafunzi walicheka sana tulipojaribu kuwaonyesha jambo hilo juu ya benchi.

Maji ya kasi wameyapanga madaraja sita. La kwanza ni mawimbi madogo tu. La sita ni maji ambayo hata fundi anaweza kufa. Kwa hiyo mafundi hawajitupi ovyo. Wakisikia mto unanguruma mbele wanatoka nje, wanapanda jiwe, wanautazama. Wakiona haupitiki wanabeba kayaki begani na kuzunguka kwa miguu. Mmoja anatangulia. Akiinua kasia wima juu, maana yake njooni, njia ipo. Akilishika kwa ulalo juu ya kichwa, simameni. Hawapigi kelele, kwa sababu mto una kelele kuliko wao.

Watu watatu

Kiongozi aliitwa Hendri Coetzee, mzaliwa wa Afrika Kusini, aliyeishi miaka mingi Jinja, Uganda, akifanya kazi ya kuongoza watalii kwenye mto Nile. Mwaka 2004 aliongoza timu iliyoanzia Nile unapotoka Ziwa Viktoria tarehe 17 Januari, ikashuka mpaka bahari ya Mediterania kule Misri. Iliwachukua miezi minne na nusu. Wakati ule vita vilikuwa bado kaskazini ya Uganda na kusini ya Sudan, na Sudan ilikuwa nchi moja. Alijua mamba, alijua viboko, alijua pia watu wenye bunduki.

Wawili wengine ni Wamarekani, Ben Stookesberry na Chris Korbulic, wanaume waliokuwa wameshuka mito mingi ya dunia. Walimwomba Hendri awaongoze kwenye mito ya huku kwetu Maziwa Makuu. Wakakaa wiki kadhaa mitoni, wakibeba kila kitu ndani ya kayaki zao, chakula, dawa na vitanda. Mwishoni wakaingia Lukuga.

Wenye kwao Kalemie watatuelewa tukisema kwamba mto ule si wa maporomoko peke yake. Kuna mahali unanguruma kwenye mawe, halafu unatulia, unakuwa mpana na mzito, huoni chini. Mgeni anafikiri hatari imeisha pale mto uliponyamaza. Mwenyeji anajua ndipo inapoanza.

Tarehe 7 Desemba 2010

Siku hiyo walikuwa kwenye maji yaliyotulia. Walikuwa wanakwenda karibu karibu, kwa sababu Hendri alikuwa amewafundisha kwamba mamba anaogopa kitu kikubwa kuliko kinachotembea peke yake. Hawakuwa wanacheza, walikuwa wanafuata utaratibu.

Mamba alitokea nyuma. Akamshika Hendri, akampindua na kayaki yake, akamwingiza chini. Wenzake walikuwa umbali mdogo tu, wameona kwa macho yao, na hawakuweza kufanya neno. Mwili haukupatikana. Alikuwa na umri wa miaka 35.

Wale wawili walipiga kasia mpaka wakafika kwa watu. Baadaye shirika la IRC, ambalo wakimbizi wa mkoa wa Kigoma wanalijua, likasaidia kuwatoa eneo lile. Fikirini kidogo: umemwona mwenzako anachukuliwa, na njia ya kutoka ni ile ile ya maji. Lazima ushike kasia tena.

Swali la darasani

Tulipofika hapo darasa lilikuwa kimya. Yule kijana wa Kalemie akauliza: “Mwalimu, huyo mtu alikuwa anakimbia nini?”

Tukasema hakuwa anakimbia kitu. Akauliza tena: “Sasa alifuata nini mtoni?”

Tuwaambie ukweli, jibu hatukuwa nalo. Kijana huyu alivuka ziwa usiku, amelazwa chini ya boti, amefunikwa kitenge cha mama yake. Kwake mtu haingii maji ya hatari mpaka nyuma pawe na hatari zaidi. Na sisi wenyewe tulivuka hivyo hivyo tulipokuwa wadogo. Tukamwambia tutamjibu kesho.

Kesho yake wanafunzi walishindana. Wengine walisema ni ujinga, mtu ana pasipoti, ana kwao, anakwenda kutafuta mamba. Msichana mmoja akakataa. Akasema huyo mtu alitaka kuona mto wote, tangu unapoanza mpaka unapoishia, na kutaka kuona si ujinga. Akasema hata yeye, kama angeruhusiwa, angependa kujua barabara ya kambi inaishia wapi.

Hapo na sisi tukapata la kusema. Hatumsifu mtu kwa kuitafuta hatari, na hatutaki mtoto wetu yeyote amwige. Ila kwenda mahali kwa sababu umetaka, ukachagua njia na siku na wenzako, ni sehemu ya ubinadamu, na ndiyo sehemu tuliyonyang’anywa siku ile tulipokimbia. Tunapowasomesha watoto ramani ni kwa sababu hiyo. Iko siku watakwenda mahali bila kufukuzwa.

Ambao hawakuandikwa

Jioni ile tulimsimulia mama mmoja jirani yetu, naye ni wa upande wa Kalemie. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema anasikitika kwa ajili ya mama wa huyo kijana, maana kuzika bila mwili ni kazi ngumu. Kisha akasema mjomba wake naye alichukuliwa na mamba, asubuhi, akitazama nyavu zake. Na binti wa jirani yao akichota maji. Hakuna gazeti lililokuja kuuliza.

Habari ya Hendri Coetzee ilitembea dunia nzima, na Stookesberry akatengeneza filamu kumkumbuka. Ni haki yake, alikuwa mtu na alikuwa na ndugu. Lakini wanaoishi ukingoni wanaushuka ule mto kila siku bila helmeti, na hawakuchagua. Mvuvi anakwenda kwa sababu watoto wanataka kula. Ndiyo maana tuliwaambia wanafunzi waandike kwenye daftari jina la mto au ziwa wanalolijua, na jina la mtu waliyempoteza majini, kama yupo. Daftari thelathini na moja zilirudi na jina. Tumezihifadhi.

Yule kijana aliandika majina mawili. Hatukumuuliza.

Mambo ya kukumbuka msimu wa mvua

Wazazi, mvua zikianza vijito vya jirani vinajaa ghafla, na watoto wanapenda kwenda kutazama. Haya tumeyachukua kwa wapiga kasia na kwa wazee wa ziwani, tunaomba myasome nyumbani kwa sauti:

1. Maji ya kasi yanayofika magotini yanaweza kumwangusha mtu mzima. Kama huoni chini, usivuke. Subiri, au zunguka. Hata mafundi wanazunguka.

2. Ukichukuliwa na maji usijaribu kusimama, mguu utanaswa kwenye mawe na maji yatakulaza. Lala chali, miguu itangulie mbele kule maji yanakokwenda, piga mikono kuelekea ukingoni.

3. Nyuma ya jiwe kubwa maji huzunguka na kupoa. Pale ndipo pa kupumzikia na kutokea.

4. Mwenzako akizama usimrukie kama hujui. Mtupie kamba, mti mrefu au dumu tupu lililofungwa. Wengi wanaokufa wawili wawili wanakufa hivyo.

5. Penye mamba usichote maji mahali pale pale kila siku saa ile ile, maana mamba anasoma desturi zako. Usiiname ukingoni. Tumia chombo chenye mpini mrefu. Usiende jioni wala usiku, na mtoto asiende peke yake.

6. Maji yaliyonyamaza si maji salama.

Tunamaliza. Watu wa kayaki hawakuacha. Mwaka 1985 timu ya Mfaransa Philippe de Dieuleveult ilipotelea kwenye mto Kongo karibu na Inga, mahali maji yetu yanapopigana kabla ya kufika baharini. Mwaka 2011, mwaka mmoja baada ya kifo cha Hendri, wanaume wanne wakiongozwa na Steve Fisher wa Afrika Kusini wakapita Inga hiyo hiyo kwa kayaki, wakatoka wazima.

Ijumaa iliyopita tulimpa kijana wa Kalemie chaki achore Lukuga ubaoni. Alichora taratibu, akaweka daraja, akaweka soko, akaweka nukta moja akasema pale ndipo walipokuwa wanaogelea na kaka yake. Kisha akaendelea na mstari mpaka Lualaba, mpaka Kongo, mpaka ubao ukaisha. Akageuka akauliza kama anaweza kuendelea ukutani.

Tulimwambia aendelee.

Walimu wa kujitolea, darasa la sita