Hesabu ya Mtumbwi na Mkondo wa Mto

Katika karne ya 19, kila msafara uliotoka Tabora kwenda Ujiji ulilazimika kuvuka mto Malagarasi. Wapagazi wa Kinyamwezi waliweka chini mizigo yao ya nguo na shanga, mkuu wa msafara akalipa hongo, ndipo mitumbwi ikaanza kuwavusha. Tutumie mto huo huo kueleza swali la aljebra linalowasumbua wanafunzi wengi.

Mtumbwi unateremka kilomita 12 kwa saa 2, kisha unarudi ulikoanzia kwa saa 3, wapiga kasia wakitumia nguvu ile ile. Tafuta mwendo wa mtumbwi katika maji yaliyotulia, na mwendo wa mkondo. (Tarakimu ni za mazoezi tu, mto wenyewe hujaa na kupungua kwa majira.)

Mwendo wa mtumbwi tuuite m, na wa mkondo k, kwa kilomita kwa saa. Wakati wa kuteremka maji yanausukuma mtumbwi. Wakati wa kupanda yanaurudisha nyuma. Kwa hiyo:

m + k = 6
m − k = 4

Tukijumlisha milinganyo hiyo, k inatoweka: 2m = 10, basi m = 5 na k = 1.

Hapo wengi hufunga daftari, na hukosa lililo bora. Mwendo wa wastani wa safari nzima ni 24 ÷ 5, yaani 4.8, wala si 5. Je, msaada na kizuizi cha mkondo havikufutana? Havikufutana, kwa sababu mkondo uliusaidia mtumbwi kwa saa 2 tu, ukaupinga kwa saa 3. Ulitoa kilomita 2, ukachukua kilomita 3. Katika maji yaliyotulia safari hiyo ingechukua saa 4 na dakika 48. Mkondo ukiwa na mwendo wa 3, itachukua saa 7 na nusu. Ukifikia 5, mtumbwi hautarudi kamwe.

Jambo la pili ni alama ya k. Mwezi Novemba 1871, Livingstone na Stanley walipokutana Ujiji, walipanda mtumbwi kwenda ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika kuutazama mto Rusizi. Burton na Speke walikuwa wamefika Uvira mwaka 1858, wakarudi bila kuuona. Swali lilikuwa zito: kama Rusizi unatoka ziwani kuelekea kaskazini, huenda ziwa hilo ni chanzo cha Nile.

Tuseme mwanafunzi anaamini kwamba mto huo unatoka ziwani. Mtumbwi unaingia mtoni kutoka ziwani na kwenda kilomita 6 kwa saa 2. Unarudi ziwani kwa saa 1. Kwa imani yake ataandika:

m + k = 3
m − k = 6

Atapata m = 4.5 na k = −1.5. Asifute! Hesabu ni sahihi. Imani ndiyo iliyokosea. Alama ya hasi inamwambia kwamba maji yanakwenda kinyume cha alivyodhani, yaani yanaingia ziwani. Ndivyo walivyoona wasafiri wale wawili kwa macho yao, kabla ya kushika njia ya Tabora, walikofika Februari 1872. Mto unaotoa maji ya ziwa ni Lukuga, upande wa magharibi, ambao Cameron aliufikia mwaka 1874.

Zoezi: Mtumbwi wenye mwendo wa kilomita 4 kwa saa katika maji yaliyotulia unakwenda kilomita 15 mtoni na kurudi, kwa jumla ya saa 8. Onyesha kwamba k ni 1 au −1. Kisha eleza kwa nini muda wa jumla peke yake hauwezi kutuambia mto unaelekea wapi.